Nilimwambia bi mkubwa apumzishe goti

Mwaka juzi bi mkubwa alianza kusalia kwenye kiti. Hakumwambia mtu, mi nilienda Tandika jumapili kumsalimia nikakuta kiti cha plastiki kimewekwa juu ya mswala, nikauliza mama kulikoni, akasema goti la kulia linamkatalia kwenye sujudu, akishuka hainuki. Afu akamalizia na ile kauli ambayo kila mtu hapa Dar ameshaisikia kwa mama yake au shangazi yake, "mafuta yameisha mwanangu, mifupa inasagana."

Mi nikafanya ambacho naamini wengi wenu mngefanya. Nikamwambia apumzike. Nikaongea na kijana wa bodaboda pale nje awe anampeleka sokoni na kumrudisha namlipa kwa wiki, nikatafuta binti wa kumkunia nazi maana bi mkubwa anauza vitumbua na ile mbuzi iko chini sana, nikanunua kiti chenye mto nikakiweka barazani. Kila nikipiga simu swali langu la kwanza lilikuwa "umekaa lakini?" Miezi kama saba bi mkubwa akawa mtu wa kitandani, barazani, kitandani. Na goti likazidi. Asubuhi likawa linakakamaa, paja la kulia likapungua mpaka unaliona kwa macho, na mzigo wa mwili ukaongezeka kwa sababu mtu kala vilevile ila hatembei.

Hilo ndo linalonifanya niandike leo, maana nimekaa nalo rohoni muda mrefu na najua kuna nyumba nyingi sana mjini hapa zinafanya hivihivi kwa upendo kabisa.

Aliyetufungua macho ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo tu, kampa mama shikamoo, kamshika goti, kalikunja na kulinyoosha taratibu huku kaweka kiganja juu anasikiliza ile kwarakwara ya ndani. Akauliza, "mama kwa siku unatembea kiasi gani?" Nikadakia mimi, tena kwa kujisifu, hatembei tunamsaidia kila kitu. Akanyamaza kidogo afu akaniambia, "Kaka, humo ndani kuna seli zinasubiri chakula na chakula chao hakiji kwa damu. Kinakuja mama akitembea."

Nilirudi nyumbani na hiyo sentensi. Usiku sikulala, nikaanza kusoma, na nimesoma tangu hapo mpaka leo. Mi sio daktari, kazi yangu ni ya ofisini Posta, ila nimejaribu kuelewa kila kitu mpaka niweze kumwelezea mama kwa Kiswahili chake.

Tuanze na kitu chenyewe. Kinaitwa gegedu. Ukila makongoro, ile nyeupe inayong'aa kwenye ncha ya mfupa unayoitafuna inalia kruu kruu, ndo hiyo. Jumamosi moja nilienda bucha asubuhi nyama ndo inashushwa, nikamuomba jamaa anipe goti zima la ng'ombe asilipitishe kwenye msumeno, alifungue kwa kisu mbele yangu. Akanishangaa ila akakubali. Alipokata kano likafunguka, ukatoka ute, nikaushika kati ya kidole gumba na cha shahada ukavutika kama ute wa yai. Mafuta hamna pale. Na ncha za mifupa zilikuwa nyeupe yenye ubluu kwa mbali, zinang'aa kama kikombe cha udongo kimetoka kuoshwa, ukipitisha kidole kinaenda chenyewe. Nikabonyeza kwa ukucha, ikabaki alama, nikaitazama, taratibu ikafutika. Nikachukua kisu nikakata kipande chembamba. Mfupa wa chini yake ulikuwa mwekundu, ila kile kipande hakikutoa tone hata moja la damu.

Hapo ndipo nilipoelewa yule dada alimaanisha nini, maana kusoma kwamba gegedu halina mishipa ya damu ni kitu kimoja na kulikata ukaona peupe ni kingine. Halina mishipa ya damu, halina neva, halina hata ile mishipa ya limfu. Karibu kila sehemu ya mwili inaletewa chakula mlangoni, gegedu la kwenye goti haliletewi.

Na kuna watu wanaishi mle. Seli za gegedu kitaalamu zinaitwa kondrosaiti, na kwa mtu mzima zinachukua kama asilimia 1 hadi 5 tu ya gegedu lote, sehemu kubwa iliyobaki ni maji (asilimia 65 mpaka 80 hivi) na vitu ambavyo zenyewe zimevitengeneza. Nyingi zinakaa kila moja kwenye kijishimo chake, haigusani na mwenzake, oksijeni inayofika ni kidogo mno, zimezoea kuchoma sukari bila kutegemea oksijeni nyingi. Ukubwani ni nadra kugawanyika. Hebu fikiria fundi mmoja kapewa mtaa mzima autunze, hana msaidizi, hapati mtoto wa kurithi kazi, na barabara ya kumfikia hakuna. Unene wa huo mtaa kwenye goti ni milimita 2 hadi 4 tu, nyuma ya kile kifuu cha goti unazidi kidogo, na juu yake mtu anabeba mwili wake mzima na ndoo ya maji kichwani.

Sasa kazi yenyewe ya hao mafundi. Kwanza kuna nyuzi za kolajeni, imara sana, zimesukwa zikapishana. Katikati ya hizo nyuzi kuna kitu kinaitwa agrekani, na umbo lake ukiliona kwenye picha utasema ni kuti la mnazi, uti katikati na vijiti vingi huku na huku, na makuti yenyewe mengi yamefungwa kwenye fito moja ndefu ya hayaluroni kama vile paa la kibanda. Vile vijiti vina chaji hasi, vinasukumana na vinavuta maji kwa nguvu, kuti linataka kutanuka lichukue nafasi kubwa, nyuzi za kolajeni zinakataa. Ni kama tyubu na tairi. Tyubu inasukuma, tairi inabana, ndo unapata ugumu wa kubeba mzigo. Wanasema agrekani ndani ya gegedu imebanwa mpaka inabaki kama sehemu moja ya tano ya ukubwa ambao ingeufikia ikiachiwa. Ndo maana alama ya ukucha wangu ilifutika.

Kile kipande nilichokata nilikiweka dirishani kwenye sahani. Jioni kilikuwa cha njano, kigumu, kimejikunja kama ukucha uliokatwa. Bi mkubwa alikuwepo, akasema ona sasa limekufa. Nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji na kesho yake kilikuwa cheupe tena, kimevimba, kinateleza. Alikigeuza geuza mkononi muda mrefu sana. Nadhani kile kipande kilimfundisha kuliko maneno yangu yote, kwamba kinachobeba mwili mle ndani ni maji yaliyoshikwa na hayo makuti.

Sasa twende kwenye chakula. Unapokanyaga, gegedu linabanwa na maji kidogo yanatoka kuingia kwenye ule ute wa kwenye kiungo. Unaponyanyua mguu linaachiwa na kuvuta maji tena, na yanaingia na sukari, oksijeni, na vingine vilivyotoka kwenye damu ya ngozi laini inayozunguka kiungo, na uchafu wa seli unatoka kwa njia hiyohiyo. Vitu vidogo kama sukari vinaweza kupenya vyenyewe taratibu hata ukiwa umekaa, ila vile vikubwa vinahitaji huo msukumo, na ute wenyewe unahitaji kukorogwa. Kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba seli zinausikia huo mkandamizo. Kwenye ngozi yao zina vijimlango vinavyofunguka zikibanwa. Kuna vinavyoitwa Piezo, vilivyogunduliwa na Ardem Patapoutian na wenzake wakatangaza 2010, na kazi hiyo ilichangia apate Nobel ya tiba 2021. Kwenye seli za gegedu hivyo vinaitikia zaidi mkandamizo mkali, wa kuumiza, na kuna vingine vinaitwa TRPV4 vinavyoitikia mkandamizo wa kawaida wa maisha. Yaani seli inajua kama mtu anatembea au kaanguka. Ikibanwa na kuachiwa kwa mpigo wa kawaida inaongeza kutengeneza agrekani, ikibanwa tu moja kwa moja bila kuachiwa inapunguza. Niliposoma hapo nikaiona ile mbuzi ya nazi. Bi mkubwa kakunja magoti pale kwa masaa mawili kila alfajiri miaka zaidi ya thelathini, goti limebanwa tu haliachiwi, na mi nikamtoa pale nikamweka kwenye kiti ambako halibanwi kabisa. Kote kuwili seli hazipati kile zinachokitaka.

Halafu zina saa. Kweli kabisa, seli za gegedu zina saa yao ya ndani ya mchana na usiku, na panya waliotolewa jeni moja inayoendesha hiyo saa kwenye hizo seli gegedu lao liliharibika. Hiyo nimeipitia kidogo tu lakini naitaja kwa wale wa zamu za usiku, usingizi nao una mkono wake humu.

Turudi kwenye "mafuta yameisha." Natamani hii kauli tuiache kwa sababu inatuuza kwa wauza dawa. Kinacholainisha goti ni ule ute na protini inaitwa lubrisini, ambayo seli za juu kabisa za gegedu zinaitengeneza zikisaidiana na ile ngozi laini ya kiungo, na kwa msaada huo gegedu linateleza juu ya gegedu kuliko barafu juu ya barafu. Goti zima lenye afya lina ute kama kijiko kidogo cha chai tu au pungufu. Na mtu mwenye goti bovu mara nyingi ute unazidi, ndo lile goti linalovimba mpaka daktari anavuta maji kwa sindano. Kwahiyo bamia na mlenda tule kwa sababu ni mboga nzuri, huo utelezi wake unaishia tumboni, hauna njia ya kushuka gotini. Supu ya makongoro vilevile, kolajeni yake inasagwa tumboni inakuwa vipande vidogo vya protini kama vya maharage.

Bi mkubwa aliuziwa vidonge, boksi laki na ishirini, na mwanamama aliyekuja mpaka nyumbani na makaratasi ya rangi anasema vinaotesha gegedu upya. Maboksi matatu tulinunua. Ndani ilikuwa glukosamini na kondroitini. Mwaka 2006 Marekani walitoa majibu ya utafiti mkubwa kwa watu 1,583 wenye maumivu ya goti, kwa miezi sita wengine wakipewa hivyo vitu na wengine vidonge visivyo na dawa, na kwa ujumla wao havikushinda vile visivyo na dawa. Ile hela ningelipia mazoezi ya miezi kadhaa. Inaniuma kwa sababu aliyeuziwa ni mtu anayeamka saa tisa usiku kusaga mchele.

Kuhusu kuota upya inabidi niseme ukweli hata kama unasikitisha. Mwaka 1743 daktari mmoja wa London, William Hunter, aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na mpaka leo kwa goti la mtu mzima bado anasimama. 2016 watafiti wa Denmark walifanya kitu kizuri sana. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 na 60 yaliongeza kaboni 14 (aina ya kaboni yenye mionzi) hewani dunia nzima, ikapanda afu ikawa inashuka, kwahiyo kila kitu kilichojengwa mwilini mwaka fulani kimebeba alama ya mwaka huo. Wakapima gegedu za magoti ya watu waliozaliwa miaka tofauti, wakakuta kolajeni ni ileile ya utotoni na ujanani, ukubwani haibadilishwi kabisa au karibu na kabisa, hata kwa wagonjwa. Bi mkubwa kazaliwa 1961, mwaka wa uhuru. Maana yake nyuzi anazokanyagia leo akienda soko la Tandika zilisukwa enzi za Mwalimu. Nyuzi hizohizo zimevuka vita vya Kagera, zimepanga foleni za sukari, zimetubeba sisi wanne mgongoni.

Nilipomwambia alicheka akasema basi ni mali ya zamani hiyo. Ndiyo mama, ni mali ya zamani.

Kinachobadilishwa ni makuti. Agrekani inachakaa na seli zinaweka nyingine, lubrisini inatengenezwa kila mara, hiyo ndo kazi ya kila siku. Ugonjwa unakuja pale mizani inapoinama. Jeraha la zamani, uzito, umri, misuli dhaifu, chembe za uvimbe kama IL-1 na TNF zinamwagika kwenye kiungo, na zile seli zenyewe zinaanza kutoa mikasi, vimeng'enya vinavyokata makuti kwanza, baadaye kinakuja kingine kinaitwa MMP-13 kinakata nyuzi. Makuti yakikatwa seli inaweza kuyarudisha ikisaidiwa. Nyuzi zikishakatwa, ndo hivyo. Fundi yuleyule aliyekuwa anajenga anageuka anabomoa, na sidhani kama kuna kitu kinanisikitisha kama hicho katika yote niliyosoma, kwa sababu hafanyi kwa ubaya, anaitikia kelele anazozisikia.

Na yote haya yanatokea bila maumivu, maana nimesema halina neva. Maumivu ya goti yanatoka kwenye mfupa wa chini, kwenye ile ngozi laini iliyovimba, kwenye mfuko wa kiungo. Mtu anakuja kusikia wakati gegedu limeshalika. Hata kwenye eksirei halionekani, daktari alituonyesha nafasi nyeusi kati ya mifupa akasema upande wa ndani imebana, hiyo nafasi ndo gegedu lilipo.

Zipo njia za hospitali na siwezi kuzidharau. Göteborg kule Sweden, 1987, walianza kuchukua seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabara, wakazirudisha kwenye shimo la goti, na 1994 wakachapisha habari za wagonjwa 23. Inafaa zaidi kwa kijana aliyeumia sehemu ndogo, goti lililochakaa lote ni habari nyingine. Kubadilisha goti zima kunafanyika hapahapa MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na kuna watu wametoka pale wanatembea. Ila kabla ya kufika huko kuna kazi ambayo mi niliiruka miezi saba yote.

Yule dada alimpangia hivi. Kukaa na kusimama kwenye kiti cha meza bila kushika, mara kumi, asubuhi na jioni, alianza na tano na machozi. Kunyoosha mguu akiwa kakaa, anaushika hewani, anaushusha polepole, hiyo ni ya paja maana paja ndo linapokea kishindo kabla ya goti. Kutembea kila siku, mwanzo mpaka kwenye nguzo ya umeme na kurudi, kila wiki anaongeza. Mbuzi ikawekwa juu ya benchi, anakuna amekaa juu na kila baada ya nazi mbili anasimama. Sukari kwenye chai kijiko kimoja. Maumivu yakipanda kidogo akitembea na kutulia kesho yake ni sawa, likivimba, likiwa la moto au akipata homa aende hospitali haraka asisubiri.

Kapunguza kilo tano mpaka sasa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005 ulioonyesha kila kilo moja unayopunguza inapunguza kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, kwahiyo ni kilo ishirini, kila hatua, kuanzia kwake mpaka sokoni na kurudi. Na wale mnaoogopa jogingi zenu za jumamosi zitamaliza magoti, uchambuzi wa 2017 ulikuta kusagika kwa goti au nyonga kwa wakimbiaji wa kawaida ni asilimia 3.5, kwa wasiokimbia 10.2, wa mashindano ndo 13.3. Mwenye goti ambalo tayari ni bovu aanze kwa kutembea kwanza.

Eksirei ya pili nafasi ni ileile, haijapanuka na hatukutarajia ipanuke. Kiti bado kipo kwenye mswala. Ila Ramadhani iliyopita rakaa mbili za alfajiri alikuwa anazisali chini, anashika ukuta kuinuka, zilizobaki anakaa. Kijana wa bodaboda siku hizi anamuona anapita na kikapu anamuuliza mama leo hupandi, anamjibu, "nakwenda kulilisha goti." Jana kanipigia kuuliza kama ile supu ya makongoro nimemkataza au vipi, maana anaitamani. Nikamwambia mama kunywa tu, ila bucha uende mwenyewe kwa miguu.